Kabla Hujanunua Picha ya Ndege, Uliza Nani Ameichora

Tuseme siku moja umefika Alice Springs, mji ulio katikati kabisa ya nchi ya Australia. Si jambo la ajabu. Siku hizi watu wetu wako Australia pia. Wengine wanasoma, wengine wanafanya kazi, na wengine walitoka Kongo na Burundi wakapokewa huko kama wakimbizi. Basi umekwenda kumtazama mwanao au ndugu yako, na sasa siku za kurudi nyumbani zimekaribia. Unataka kuchukua kitu cha ukumbusho cha kutundika ukutani.

Unaingia dukani. Hapo unaona picha iliyochorwa kwa rangi za maji. Kasuku wawili wenye vifua vya rangi ya waridi na migongo ya kijivu wametua juu ya mkaratusi wenye gome jeupe. Nyuma yao kuna mlima wa rangi ya zambarau. Unasimama. Moyo unapenda. Mwenye duka anakuja, anatabasamu, anakuambia: “Hii ni halisi kabisa. Imechorwa na Mwaborijini.”

Je, utajuaje kama asema kweli?

Swali hili si dogo. Mwaka 2022 tume ya serikali ya Australia inayochunguza mambo ya uchumi ilitoa taarifa juu ya biashara ya sanaa ya wenyeji wa nchi ile. Iliona kwamba zaidi ya nusu ya fedha ambazo watu hutoa kununua vikumbusho vya mtindo wa Kiaborijini hununua vitu visivyotengenezwa na wenyeji hata kidogo. Mwaka 2019 mahakama ilitoza kampuni moja faini ya dola za Australia milioni 2 na laki 3. Kampuni hiyo ilikuwa imeuza vitu zaidi ya 18,000, navyo vilitiwa maneno na michoro ya kumfanya mnunuzi aamini kuwa vimetengenezwa na Waaborijini. Kumbe vilitengenezwa Indonesia.

Basi mtu anaweza kutoa fedha yake kwa moyo mwema, akarudi nyumbani na uongo ndani ya sanduku. Lakini yeye siye aliyepata hasara kubwa. Aliyepata hasara kubwa ni mchoraji wa kweli, ambaye jina la watu wake limeuzwa naye hakupata hata senti.

WATU WA NCHI ILE

Kwanza yafaa tuelewe jambo moja. Neno “Mwaborijini” si jina la kabila. Wenyeji hao wamekaa Australia zaidi ya miaka 50,000. Wazungu walipoanza kuhamia huko mwaka 1788, palikuwa na lugha zaidi ya 250, na kila watu walikuwa na nchi yao, sheria zao na hadithi zao. Watu wa Alice Springs na magharibi yake ni Waarrernte. Walioko pwani ya kaskazini ni watu wengine kabisa.

Kwa hiyo mtu akikuambia tu, “Picha hii imechorwa na Mwaborijini,” ni sawasawa na kuambiwa, “Kinyago hiki kimechongwa na Mwafrika.” Mwafrika gani? Wa wapi? Jina lake nani? Wewe mwenyewe ungetaka kujua kama ni Mmakonde wa Mtwara au mtu mwingine. Basi na kule, uliza hivyo hivyo.

MTOTO WA HERMANNSBURG

Picha za rangi za maji za nchi ile zina historia yake, na anayetaka kununua moja hana budi kuijua.

Yapata kilomita 130 magharibi ya Alice Springs iko Hermannsburg, mahali ambapo wenyewe wanapaita Ntaria. Wamisionari Walutheri kutoka Ujerumani walianza kazi hapo mwaka 1877. Hapo ndipo alipozaliwa Albert Namatjira, mwaka 1902. Alikuwa Mwarrernte. Alipokuwa mtu mzima alifanya kazi nyingi: useremala, uhunzi, kuchunga, kuongoza ngamia. Tena alikuwa akichora kwa waya wa moto juu ya vipande vya mbao, na vitu hivyo viliuzwa.

Mwaka 1934 wachoraji wawili wa kizungu walionyesha picha zao hapo misioni. Namatjira alizitazama picha za nchi yake mwenyewe, akatamani kuchora vile. Mwaka 1936 mmoja wa wachoraji wale, Rex Battarbee, alirudi. Wakapatana: Namatjira amwongoze na ngamia katika safari zake, naye Battarbee amfundishe kutumia rangi za maji. Safari ilichukua kama miezi miwili. Mwanafunzi alishika upesi mno hata mwalimu akastaajabu.

Mwaka 1938 picha zake zilionyeshwa Melbourne, na zote zikanunuliwa. Tangu hapo jina lake likaenea nchi nzima. Mwaka 1954 alikwenda Canberra kuonana na Malkia Elizabeth wa Uingereza. Watu wengi waliweka nakala za picha zake katika vyumba vyao vya kukaribishia wageni.

Lakini sikiliza upande wa pili. Mtu huyu, ambaye picha zake zilipamba nyumba za wengine, hakuruhusiwa kujijengea nyumba mjini Alice Springs. Aliomba ardhi ya kufugia ng'ombe, akanyimwa. Sheria ya wakati ule iliwahesabu wenyeji wengi kuwa kama watoto walio chini ya ulinzi wa serikali. Mwaka 1957 yeye na mkewe walipewa uraia kamili, lakini ndugu zake hawakupewa. Sasa yeye aliruhusiwa kununua pombe, na ndugu zake walikatazwa. Kwa desturi ya watu wake, mtu hali peke yake wala hanywi peke yake. Mwaka 1958 alishtakiwa kwa kosa la kumpa ndugu yake pombe, akahukumiwa kifungo, akatumikia miezi miwili. Alitoka amevunjika moyo. Tarehe 8 Agosti 1959 akafariki, akiwa na umri wa miaka 57.

Hata baada ya kifo chake mambo hayakuisha. Haki ya kuzipiga chapa picha zake, yaani haki ya kutoa nakala katika vitabu, kadi na kalenda, iliuzwa mwaka 1983 na ofisi ya serikali iliyosimamia urithi wake. Iliuzwa kwa dola 8,500 tu, kwa kampuni ya wapiga chapa. Wajukuu hawakupata kitu. Walidai miaka mingi. Haki hiyo ilirudishwa kwa jamaa mwaka 2017, ikawekwa chini ya amana yenye jina lake.

Waona basi, msomaji, kwa nini swali la “nani ameichora, naye amelipwa nini” si udadisi wa bure. Katika picha hizi ndilo swali lenyewe.

“HAINA NUKTA, BASI SI YAO”

Wako wageni wanaodhani kwamba picha ya Mwaborijini lazima iwe na nukta nyingi na miviringo. Wakiona mlima, mti na ndege waliochorwa kama macho yanavyowaona, husema: “Hii ni ya kizungu.” Wanaiacha na kwenda kununua sahani yenye nukta iliyotoka kiwandani.

Hayo ni makosa. Uchoraji wa nukta kwa rangi za kisasa juu ya mbao na turubai ulianza mwaka 1971 huko Papunya, kijiji kilicho kaskazini-magharibi ya Alice Springs. Ni sanaa nzuri na ya kweli. Lakini wakati huo Waarrernte walikuwa wamekwisha kuchora kwa rangi za maji miaka thelathini na zaidi. Wana wa Namatjira walichora, jamaa zake wakachora, na wajukuu na vitukuu wanachora hata leo. Kitukuu chake, Vincent Namatjira, mwaka 2020 alipata tuzo ya Archibald, tuzo kubwa ya picha za watu huko Australia. Alikuwa mwenyeji wa kwanza kuipata.

Tena mlima ule unaouona si mlima tu. Kwa mchoraji ni nchi ya baba yake au ya mama yake, na ina hadithi zake. Hata wanyama na ndege wana habari zao, na si kila mtu ana ruhusa ya kuchora kila habari. Kwa hiyo uhalisi wa picha haumo katika nukta. Umo katika mtu aliyeichora na nchi anayoichora.

NDEGE NAO

Wachoraji wa Hermannsburg wamejulikana zaidi kwa milima, mabonde na mikaratusi. Picha ya ndege si ya kawaida kama picha ya mlima. Ukionyeshwa ya ndege, hiyo si sababu ya kuikataa, ila ni sababu ya kuuliza vizuri zaidi.

Itakusaidia kuwajua ndege wenyewe. Kasuku wa waridi na kijivu wa dukani huitwa galah. Yuko kasuku mdogo wa kijani, budgerigar, ambaye watu ulimwenguni kote humfuga kizimbani, lakini kwao ni jangwani Australia, naye huruka kwa makundi makubwa. Yuko tai mkubwa mwenye mkia wa umbo la kabari. Yuko emu, mfano wa mbuni, asiyeruka. Tena yuko ndege mdogo kama chiriku, mdomo wake mwekundu. Huyu hula mbegu kavu, hivyo hupenda kukaa karibu na maji. Msafiri wa jangwani akiwaona wengi, hujua kwamba kisima hakiko mbali.

Mchoraji aliyekua katika nchi ile amewatazama ndege hawa tangu utoto. Ukipata nafasi ya kuonana naye, mwulize: “Ndege huyu anakaa wapi? Wewe ulimwona wapi?” Utapata jibu ambalo duka la vikumbusho haliwezi kukupa.

ITAZAME KARATASI

Sasa tuje kwenye picha yenyewe. Kosa la kwanza la mnunuzi ni kununua nakala iliyopigwa chapa akidhani ni picha iliyochorwa kwa mkono. Nakala si kitu kibaya, ikiwa imeuzwa kama nakala na mchoraji amepata sehemu yake. Ubaya ni kuilipia bei ya picha halisi.

Omba uitazame nje ya fremu, au walau karibu na dirisha. Chukua kioo cha kukuzia. Nakala nyingi za mashine huonyesha vitone vidogo vya rangi, vimepangwa sawasawa. Rangi ya maji iliyopakwa kwa mkono haina vitone hivyo. Imetawanyika ndani ya karatasi, na mahali ilipokauka mara nyingi ukingo wake ni mzito kidogo.

Tazama na sehemu nyeupe. Mchoraji wa rangi za maji aghalabu hapaki rangi nyeupe. Huiacha karatasi yenyewe ionekane, na gome jeupe la mkaratusi huwa ni weupe wa karatasi. Tafuta pia mistari hafifu ya penseli chini ya rangi. Kisha geuza karatasi uangalie nyuma: mara nyingi pameandikwa jina, mahali au namba.

Ukiona chini ya picha namba mbili mfano wa 45/300, jua kwamba hiyo ni nakala ya arobaini na tano katika nakala mia tatu, hata kama imetiwa sahihi kwa penseli.

Lakini usitegemee kioo peke yake. Kioo kitakuambia kwamba picha imechorwa kwa mkono. Hakitakuambia ni mkono wa nani.

MASWALI MATANO

Wazee wetu walisema, kuuliza si ujinga. Basi kabla hujafungua mkoba, uliza haya:

Kwanza: Mchoraji anaitwa nani, ni wa watu gani, na anatoka wapi?

Pili: Picha hii imefikaje dukani hapa? Ilinunuliwa kwake mwenyewe, au kwa chama cha wachoraji, au kwa mtu wa katikati?

Tatu: Mchoraji amelipwaje? Alilipwa picha ilipochukuliwa, au anapata sehemu ikiuzwa?

Nne: Ipo hati ya kuithibitisha? Hati njema hutaja jina la mchoraji, jina la picha, mahali na mwaka ilipochorwa, na namba ya picha katika daftari. Hati yenye neno “halisi” tu, bila jina la mtu, ni karatasi tupu.

Tano: Je, duka hili limetia sahihi kanuni za biashara ya sanaa ya wenyeji? Iko kanuni iitwayo Indigenous Art Code, iliyowekwa ili wachoraji wasidhulumiwe. Duka huingia kwa hiari, na lililoingia huahidi kuwatendea haki wachoraji.

Mwuzaji mwema hataudhika kwa maswali haya. Atafurahi, maana ana majibu. Mwuzaji akianza kukasirika, au akisema, “Nikupunguzie bei, usiulize mengi,” mwage kwa adabu na utoke. Cha rahisi ni ghali.

WAPI PA KUNUNUA

Njia iliyo salama zaidi ni kununua kwenye vituo vya sanaa vinavyomilikiwa na wenyeji wenyewe. Kwa picha za rangi za maji kiko kituo cha Iltja Ntjarra hapo hapo Alice Springs. Jina hilo kwa Kiarrernte maana yake ni “mikono mingi”. Hapo wachoraji wa ukoo wa sanaa ya Hermannsburg hukaa na kuchora, wakubwa wakiwafundisha wadogo. Ukibahatika, unaweza kumwona mchoraji akiwa na brashi mkononi. Ukinunua mahali kama hapo, hujanunua karatasi tu. Umesaidia mjukuu kupata rangi na mwalimu.

Picha za marehemu Albert Namatjira mwenyewe ni jambo jingine. Hizo huuzwa minadani, na bei yake yaweza kufika makumi ya maelfu ya dola. Mtu akikuletea moja sokoni kwa bei ya kitanda, usifurahi upesi. Jina kubwa ndilo linaloigwa zaidi. Usitoe fedha mpaka mtu mwenye ujuzi ameikagua. Tena kazi za zamani zenye thamani kubwa zaweza kuhitaji kibali cha serikali kabla ya kutolewa nje ya Australia. Mwuzaji wa kweli atakueleza.

Na kama siku moja utaiuza picha yako huko Australia, ujue sheria iliyoanza tarehe 9 Juni 2010. Picha ikiuzwa tena kwa njia ya wafanyabiashara wa sanaa kwa dola 1,000 au zaidi, mchoraji au warithi wake wana haki ya kupata asilimia 5. Sheria kama hiyo ingalikuwapo zamani, jamaa wengi wasingalikuwa maskini huku picha za baba zao zikitajirisha wengine. Basi hifadhi risiti na hati pamoja, katika bahasha moja. Mali bila daftari hupotea bila habari.

UKIFIKA NYUMBANI

Picha ya rangi za maji ina adui wawili: jua na unyevu. Jua huifubaza, waridi la kasuku likawa kama majivu. Unyevu huleta madoa ya kahawia na ukungu, na wenzetu wa pwani wanaujua vizuri. Basi itie ndani ya fremu yenye kioo, lakini karatasi isigusane na kioo. Mwambie fundi aweke ukingo wa karatasi nene isiyo na asidi kati yake. Itundike ukuta usiopigwa na jua, mbali na jiko na bafu. Usiipanguse kwa kitambaa chenye maji, maana rangi iliyokuja kwa maji huondoka kwa maji.

Kisha fanya jambo moja zaidi. Chukua kipande cha karatasi, andika jina la mchoraji, watu wake, mahali pake na mwaka, ukibandike nyuma ya fremu. Mgeni akija akasema, “Kasuku hawa wazuri, umewatoa wapi?” usimjibu tu, “Australia.” Mtajie jina la mtu.

Kwa maana miaka mingi watu walitundika nakala za Namatjira ukutani, wakaisifu milima yake, wala hawakuuliza mwenyewe analala wapi. Sisi hatuwezi kurudisha siku zile. Lakini picha tutakayonunua kesho iko mikononi mwetu. Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na haki ya kwanza ya mchoraji, kabla hata ya fedha, ni kuitwa kwa jina lake.